Mfumo Upimwe kwa Lugha ya Mwenye Kadi

Miongoni mwa kauli ambazo mwananchi huzisikia madirishani siku hizi, hakuna inayomkata maneno kama hii: “Mfumo umekataa.” Karani akikataa huulizwa sababu. Mkuu wake akikataa huandikiwa barua, na asiporidhisha, yupo aliye juu yake. Lakini mfumo hauna kiti wala mkubwa wake. Mwananchi huirudisha kadi yake mfukoni akaenda zake, huku akiamini kuwa amehukumiwa na kitu kisichokosea.

Makala hii inakusudia kueleza kwamba mfumo haukatai wala haukubali kwa hiari yake. Nyuma ya kila kukataa kwake kuna sentensi iliyoandikwa na mtu, na mtu huyo huenda aliielewa sheria sawasawa, au aliielewa nusu, au hakupata kuisoma kabisa. Swali letu leo ni hili: sentensi hiyo imeandikwa kwa lugha gani, na ni nani anayeweza kuisoma na kuisahihisha kabla haijamgusa mgonjwa? Zipo zana za kompyuta, zitolewazo bila malipo na zilizo wazi kwa kila mwenye kutaka kuzitazama ndani, ambazo zilibuniwa ili swali hilo lipate jibu. Ni vyema viongozi wetu na wananchi wa Visiwani wazifahamu, kwa kuwa wakati wa kuzihitaji umekwisha kufika.

Singida kati ya Igunga na Dodoma

Mfano wetu tunauchukua mkoani Singida, na tunayo sababu. Upande wa magharibi mkoa huo unapakana na Igunga, katika mkoa wa Tabora. Huko ndiko ulikojaribiwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1996, Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani utaratibu wa kaya za vijijini kuchanga fedha kidogo wakati wa uzima ili zitibiwe wakati wa maradhi. Mwaka 2001 mfuko huo ulitungiwa sheria. Upande wa mashariki Singida inapakana na Dodoma, na huko ndiko ulikoanzia, mwaka 2012, mfumo wa kompyuta wa kuuendesha mfuko huo, uliojengwa kwa msaada wa Uswisi. Kuanzia mwaka 2018 mfuko ulioboreshwa ulienezwa katika mikoa ya Tanzania Bara. Hivyo basi, Singida ilipokea kutoka mashariki yake chombo cha kuendeshea wazo lililozaliwa magharibi yake.

Yafaa ieleweke kwamba mfumo ule haukubaki Dodoma. Nchi za Nepal na Kameruni ziliuchukua na kuutumia, na baadaye, kwa ushirikiano wa Uswisi na Ujerumani, ukafanywa kuwa programu huria kwa jina la openIMIS. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yamewekwa hadharani: kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kumpa mwenzake. Hili ni jambo la kujivunia. Mara nyingi tumezoea kupokea mitambo kutoka ng'ambo. Safari hii chombo kilichoanzia katikati ya Tanzania ndicho kilichopelekwa hadi chini ya milima ya Himalaya.

Sasa tuyatazame masharti ya mfuko ule kama yalivyokuwa ulipoboreshwa. Kaya ya watu wasiozidi sita, nje ya Dar es Salaam, ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kadi ilidumu mwaka mmoja. Mwanachama aliyeandikishwa katika wilaya moja aliweza kutibiwa katika wilaya nyingine, jambo ambalo halikuwezekana katika utaratibu wa zamani. Mwandikishaji alikwenda kijijini na simu yake, akawapiga picha wanakaya na kuandika majina yao. Mahali pasipo na mtandao, taarifa hizo zilikaa simuni hadi mtandao ulipopatikana.

Masharti hayo ni mepesi kuyatamka. Hata hivyo, mwandishi wa programu akiketi kuyageuza yawe amri za kompyuta, hukutana na maswali ambayo hakuna aliyemwambia majibu yake. Huo mwaka mmoja unahesabiwa tangu siku mchango ulipolipwa, au tangu siku kadi ilipotolewa? Mgonjwa akifika zahanati jioni ya siku ya mwisho ya kadi yake, ni mwanachama au si mwanachama? Kaya yenye watu sita ikipata mtoto mchanga, mtoto huyo anatibiwa kwa kadi ya mama yake, au anahesabiwa kuwa mtu wa saba? Mwandikishaji aliyekuwa Itigi bila mtandao kwa siku nne, akapokea mchango siku ya kwanza na kuutuma siku ya tano, je, kadi inaanza siku ipi?

Mwandishi wa programu hawezi kuacha pengo. Kompyuta haikubali neno “inategemea”. Kwa hiyo huchagua jibu moja, mara nyingi peke yake, mara nyingi usiku, na jibu hilo likawa sheria kwa wagonjwa ambao hatawaona maishani mwake. Mganga mfawidhi hakuulizwa. Mwanasheria wa halmashauri hakuulizwa. Diwani hakujua kwamba palikuwa na swali.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko jana, kwa sababu masharti yanabadilika. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeleta utaratibu mpya. Huku kwetu Visiwani, Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulianza kazi mwaka huo huo wa 2023, ukitangulia na watumishi wa umma. Na kila fundi anajua kwamba nyumba haivuji sana siku ilipoezekwa kama inavyovuja siku paa lilipoguswa. Sharti moja likibadilishwa kwenye mfumo, sharti jingine lililokuwa likifanya kazi vizuri kwa miaka mitano laweza kuharibika bila mtu kujua, hadi mgonjwa atakapolifichua.

Asili ya fikra hii

Mwaka 2003, mtaalamu mmoja wa kompyuta jijini London, Dan North, alikuwa akiwafundisha wenzake namna ya kuzipima programu zao. Aliona wanafunzi wake wakikwama mahali palepale. Waliuliza waanzie wapi, wapime nini na waache nini, na kipimo kikishindwa kinawaambia nini. Akagundua kwamba neno “kupima” lenyewe ndilo lililowapoteza, kwa kuwa lilielekeza macho yao kwenye mtambo. Alipowaambia waeleze mwenendo wa programu, yaani inavyopaswa kutenda mbele ya mtu anayeitumia, maswali yao yakapata majibu. Yeye na mwenzake Chris Matts wakaweka umbo la maneno lenye sehemu tatu: hali ilivyo kabla, tendo linalofanyika, na matokeo yanayotarajiwa. Mwaka 2006 North aliieleza fikra hiyo katika makala, na tangu hapo imeenea duniani.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuogopa jambo hili, kwa maana lugha yetu ina viungo vyake tangu zamani. Tazama mfano huu, ambao tumeutunga wenyewe kwa kaya ya kubuni ya Nduguti, wilayani Mkalama:

Kanuni: Kaya haizidi watu sita.
Iwapo kaya imekwisha kuandikisha watu sita,
na mchango wake wa mwaka umelipwa,
Pindi mwandikishaji anapoongeza mtu wa saba,
Basi mfumo usimwandikishe,
na umwonyeshe mwandikishaji sababu kwa maneno.

Na huu wa pili, kwa mgonjwa wa kubuni wa Kiomboi:

Kanuni: Kadi hufa baada ya siku yake ya mwisho kupita.
Iwapo siku ya mwisho ya kadi ni tarehe 30 Juni,
Pindi mgonjwa anapofika zahanati jioni ya tarehe 30 Juni,
Basi ahesabiwe kuwa mwanachama.

Yeyote aliyemaliza darasa la saba anaweza kuisoma mifano hiyo miwili na kusema kama ndivyo au sivyo. Muuguzi anaweza kusema: “Hapana, huyo wa saba ni mtoto mchanga, na kwetu mtoto mchanga hatumkatai.” Papo hapo kanuni imepata mfano wa tatu, na pengo limezibwa kabla ya mtu yeyote kuumia.

Kinachoitofautisha njia hii na waraka wa kawaida wa ofisini ni kwamba maneno hayo hayafungiwi kabatini. Fundi wa programu hukiunganisha kila kifungu na kipande kidogo cha programu kinachokitekeleza. Kompyuta husoma “Iwapo”, ikaiumba kaya ya majaribio yenye watu sita. Husoma “Pindi”, ikajaribu kumwandikisha wa saba. Husoma “Basi”, ikatazama kama mfumo umetenda inavyotakiwa. Ikiwa ndivyo, huweka alama ya kijani. Ikiwa sivyo, nyekundu, na kutaja ni kifungu kipi kilichoshindwa. Kazi hiyo hurudiwa kila mara programu inapoguswa, hata iwe mara kumi kwa siku, na kompyuta haichoki wala haisahau mfano hata mmoja. Kwa njia hiyo waraka na mtambo haviwezi kuachana kimyakimya. Siku mtambo unapouasi waraka, alama nyekundu huwaka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mifano hii ndiyo daftari la kanuni. Na fundi wa jahazi naye haridhiki na kalafati kwa kuitazama tu. Hukitia chombo majini, akaona kinapovuja, kabla ya kupakia abiria na shehena. Tunachokitaka kwa mifumo ya Serikali ni uangalifu huohuo, wala si zaidi.

Zana zenyewe

Zana za kazi hii ni nyingi, na zile zilizo kuu ni huria. Ya kwanza, JBehave, ilianzishwa na Dan North mwenyewe kwa ajili ya lugha ya kompyuta iitwayo Java. Iliyoenea kuliko zote ni Cucumber, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Aslak Hellesøy wa Norway. Namna yake ya kuandika mifano huitwa Gherkin, na imekuwa kama desturi ya pamoja ya zana nyingine nyingi. Wanaotumia lugha ya PHP wanayo Behat. Wanaotumia Python, lugha ambayo sehemu mpya za openIMIS zimeandikwa kwayo, wanayo Behave. Kutoka Finland ilitoka Robot Framework, iliyoanzia katika kazi za Nokia na kufanywa huria mwaka 2008.

Zana hizo hupewa nguvu zaidi na viongezo vyake. Selenium, iliyoanzishwa na Jason Huggins huko Chicago mwaka 2004, huifanya kompyuta ifungue ukurasa wa mfumo na kubonyeza vitufe kama karani afanyavyo. Appium hufanya vivyo hivyo kwenye simu, na hiyo ndiyo inayofaa kuupima mfumo ambao mwandikishaji hutembea nao vijijini. Karate hupima mazungumzo baina ya mfumo mmoja na mwingine, kama vile mfumo wa bima unapoulizwa na mfumo wa hospitali kama kadi fulani ni hai. Vipo pia viongezo vinavyoyakusanya matokeo na kuyapanga katika taarifa ambayo mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuisoma.

Pana hadithi moja katika zana hizi ambayo kila ofisa wa ununuzi apaswa kuijua. Kwa watumiaji wa mazingira ya .NET ya Microsoft, ambayo openIMIS ya awali ilijengwa juu yake, zana mashuhuri ilikuwa SpecFlow. Mwaka 2020 ilinunuliwa na kampuni kubwa, na ilipofika mwisho wa mwaka 2024 kampuni hiyo ikaacha kuihudumia. Kama ingekuwa chombo kilichofungwa, waliokitegemea wangebaki na mifano elfu kwa maelfu isiyo na wa kuiendesha. Lakini maandishi yake yalikuwa huria. Mmoja wa waanzilishi wake, Gáspár Nagy, aliyachukua, akayaendeleza mwaka huo huo wa 2024 kwa jina jipya la Reqnroll, na kazi za watu hazikupotea. Hapo ndipo uhuria unapoonyesha faida yake kwa Serikali. Fedha ya leseni inayookolewa ni jambo dogo. Lililo kubwa ni kwamba mwenye duka akifunga duka, chombo hubaki mikononi mwa wanaokihitaji.

Mahali pa Kiswahili

Gherkin ilibuniwa tangu mwanzo ili watu waandike kwa lugha zao. Maneno yake ya msingi, yaani yale yanayosimama mahali pa “Iwapo”, “Pindi” na “Basi”, yametafsiriwa katika lugha zaidi ya sabini. Mna Kiaislandi, ambacho wasemaji wake hawafikii hata nusu milioni. Mna lugha ya Klingon, ambayo ni ya kubuni, iliyotungwa kwa ajili ya filamu za Marekani za safari za anga. Mna hata Kiingereza cha mzaha kinachoiga usemi wa maharamia wa baharini. Kwa miaka mingi orodha hiyo ilikuwa ikirefuka bila Kiswahili kuwamo, lugha ya mamilioni kwa mamilioni ya watu, ambayo Umoja wa Mataifa kupitia UNESCO uliitengea siku yake, tarehe 7 Julai, kwa azimio la mwaka 2021.

Hatusemi hayo ili kuwalaumu wageni. Orodha hiyo huandikwa na wanaojitolea. Aliyeingiza lugha yake aliingiza, na aliyenyamaza alipitwa. Kazi yenyewe si kubwa: yatakiwa maneno yapatayo kumi na moja, yapangwe na kupelekwa kwa wanaoitunza zana hiyo. Kinachotaka busara ni uchaguzi wa maneno. Tuseme “Iwapo”, “Ikiwa” au “Endapo”? Neno “Pindi” linafaa kwa sababu husimama peke yake, ilhali wazo hilohilo katika usemi wa kila siku hujificha ndani ya kitenzi, kama katika “anapoandikishwa”. Hayo ni maswali ya Baraza la Kiswahili la Taifa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar, na sidhani kwamba mabaraza hayo yatahitaji zaidi ya kikao kimoja kuyamaliza.

Wala hatuanzi kutoka patupu. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini iliyosema Kiswahili. Wakati ule wapo waliodhani ni anasa ya wasomi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania Bara. Basi ikiwa hakimu wa Manyoni anatoa hukumu kwa Kiswahili, itakuwaje kanuni inayomhukumu mgonjwa wa Manyoni dirishani iwe imeandikwa kwa lugha ambayo mgonjwa, muuguzi na hakimu hawaisomi?

Na hata kabla ya maneno hayo ya msingi kukubaliwa, kazi yaweza kuanza. Gherkin huruhusu alama ya nyota kusimama mahali pa neno lolote la hatua, kama “Iwapo”, “Pindi” au “Basi”, na maelezo yanayofuata yaweza kuwa ya lugha yoyote. Asiye na Kiswahili katika orodha hazuiwi kuandika Kiswahili katika mifano yake.

Gharama ya kutopima

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi na yaachwe kwao. Hao tungependa watazame yaliyotokea Uingereza. Shirika la Posta la nchi hiyo liliingiza katika ofisi zake, kuanzia mwaka 1999, mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha katika ofisi ndogo za posta. Waendeshaji wa ofisi hizo walisema hawakuiba, lakini mfumo uliaminiwa kuliko wao. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, baadhi wakafungwa, wengine wakafilisika, na wapo waliokufa kabla ya majina yao kusafishwa. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu ule. Mwaka 2024 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya kuzifuta hukumu hizo.

Hayo yaliwapata watu wa nchi tajiri, yenye magazeti mengi na mawakili wengi, na bado ilichukua miaka ishirini kwa mfumo kukubalika kuwa ulikosea. Mkulima wa alizeti wa Ikungi, au mvuvi wa Micheweni, akiambiwa na mfumo kwamba hana haki ya kutibiwa, ana mawakili wangapi? Kinga yake ni moja tu: kanuni iwe imeandikwa mahali panaposomeka, kwa lugha anayoijua yeye au diwani wake, na iwe imepimwa kabla.

Mipaka ya dawa hii

Haitakuwa haki kuzisifu zana hizi bila kueleza udhaifu wake. Kwanza, zana haileti mazungumzo. Mazungumzo ndiyo yanayoipa zana maana. Penye desturi nzuri, watu watatu huketi pamoja kabla ya kazi kuanza: mwenye kanuni, mwandishi wa programu, na mpimaji. Mwenye kanuni hueleza, mwandishi huuliza, na mpimaji hutafuta pembe zilizosahauliwa. Pale ambapo mafundi huandika mifano peke yao baada ya kazi kwisha, ili kujaza fomu ya mkataba, mifano hiyo huwa pambo, na alama zake za kijani huwa uongo wenye rangi nzuri.

Pili, mifano yaweza kuandikwa vibaya. Wapo wanaoandika “bonyeza kitufe cha kulia, kisha jaza kisanduku cha tatu”, na kitufe kikihamishwa mfano mzima huvunjika ingawa kanuni haikuguswa. Mfano mwema hueleza haki na wajibu wa watu, na kuyaacha mambo ya vitufe chini kwa mafundi.

Tatu, zana ni bure lakini kazi si bure. Mifano mia tano yataka mtu wa kuitunza, kama vile shamba la vitunguu linavyotaka mtu wa kulipalilia. Mradi unaolipia kuandika mifumo lakini haulipii kuitunza mifano utajikuta, baada ya miaka miwili, na daftari lililoliwa na mchwa.

Nne, mfano hupima kile tu ulichoambiwa kupima. Kanuni yenyewe ikiwa dhalimu, kompyuta itathibitisha dhuluma hiyo kwa alama ya kijani. Faida iliyopo ni kwamba dhuluma iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi huonekana, na ikionekana hupata wa kuipinga.

Yanayopasa kufanywa

Kwa maoni yetu, hatua zinazohitajika hazizidi uwezo wetu. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2019, pamoja na mwenzake wa Zanzibar, zinaweza kuweka sharti kwamba kila mkataba wa mfumo unaogusa haki ya mwananchi, iwe matibabu, pensheni, ardhi au kodi, uwe na mifano ya mwenendo iliyoandikwa kwa Kiswahili, na kwamba mifano hiyo ikabidhiwe Serikalini ikiwa mali yake pamoja na mfumo wenyewe. Fedha ya mwisho ya mkandarasi isilipwe kabla mifano haijaendeshwa mbele ya wenye kanuni na kutoa alama ya kijani.

Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar vina vijana wanaosoma kompyuta ambao kila mwaka hutafuta kazi za mazoezi. Waende Singida, waende Pemba. Wakae na wauguzi na waandikishaji, wayaandike maswali yanayojitokeza madirishani, na kuyageuza yawe mifano. Mifano hiyo ikichapishwa hadharani, daktari wa Mkalama ataweza kuisoma ya mwenzake wa Chake Chake na kutambua kwamba shida zao ni moja.

Nao viongozi wa wilaya wasione haya kudai wasomewe kanuni za mfumo kabla ya kuuzindua. Kuuliza si ujinga. Kiongozi anayekata utepe wa mfumo asioujua masharti yake ametia sahihi waraka asiousoma. Aulize maswali matatu tu: siku ya mwisho ya kadi inahesabiwaje, mtoto mchanga anahesabiwaje, na mtandao ukikatika mwananchi anafanywaje? Mkandarasi akiwa na mifano ya kujibu, azinduliwe. Asipokuwa nayo, arudi mezani.

Kwa wananchi wa Visiwani tuna neno moja. Mfuko wetu wa huduma za afya bado ni mchanga, na kanuni zake zitaendelea kurekebishwa kadiri makundi mapya yanavyoingia. Huu ndio wakati wa kuanza daftari. Kuandika mfano mmoja kwa kila sharti jipya ni kazi ya siku chache. Kuyatafuta makosa katika mfumo uliokwisha kuhudumia kaya zote za Unguja na Pemba ni kazi ya miaka, na makosa hayo yatakuwa yamekwisha kuwa na majina ya watu.

Mfumo ni mtumishi wa umma kama karani alivyo. Karani huapishwa, huelezwa kazi zake kwa lugha anayoielewa, hukaguliwa, na akikosea huonywa. Mtumishi huyu mpya naye aelezwe kazi zake kwa Kiswahili, na akaguliwe kila anapoguswa. Siku atakapomwambia mwananchi “hapana”, awepo mtu wa kufungua daftari, kumwonyesha kwa kidole sentensi iliyosababisha, na kumuuliza kama sentensi hiyo ni ya haki.